Tulipokwenda Stanmore Kuposa Pijo

Kabla sijaanza, wanangu, mjue kwamba kidole gumba changu cha kulia kimepinda. Kimepinda kwa nje, kama kinamwonyesha mgeni msala ulipo, na kimekuwa hivyo tangu nikiwa kijana wa miaka kumi na saba.

Gari za ujana wangu zilikuwa na tundu chini ya bampa la mbele. Betri ikifa unaingiza chuma humo, ndiyo hendeli, unaizungusha injini kwa mkono mpaka iamke. Ukiishika hendeli kama unavyoshika fimbo, gumba upande huu na vidole upande ule, siku injini itakapopiga teke kinyumenyume gumba litakwenda zake. Gumba linakaa upande mmoja na wenziwe. Fundi wangu, Fundi Masoud wa Miembeni, aliniambia hivyo asubuhi, na adhuhuri nikavunjika. Hakunipa pole. Aliniuliza tu, "Sasa umesikia?"

Nawaandikia nyinyi, vijana wetu wa Edmonton na Tottenham, ambao nikiwasemesha Kiswahili mnanijibu "yeah, Uncle" na macho mmeyatia kwenye simu. Mnaniletea magari yenu niyasikilize. Nafungua boneti nakuta kifuniko cheusi cha plastiki, nakifunua nakuta kifuniko chengine. Gari lenu likiumwa linatuma ujumbe kwenye simu. Letu likiumwa lilikuwa linanuka, na fundi alikuwa anainusa harufu, anatia ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia mwenye gari amegombana na mkewe. Fundi Masoud alikuwa akipatia, wallahi, kwa sababu alikuwa akiishi mtaa mmoja nao.

Na mnaniuliza, "Uncle, nyinyi mlikuwa na magari ya mbio?" Tulikuwa nalo moja. Lilikuwa Ford Anglia, lile lenye kioo cha nyuma kilichoinama kwa ndani. Mimi na wenzangu wawili tulilikata springi ili lilale chini, tukang'oa ekzosi ili lingurume, tukalifunga honi ya lori. Ilikuwa kubwa kuliko injini, na ukiipiga taa zinazimika. Siku zile mafuta ya breki hayakupatikana mjini kwetu Unguja, basi tukatia maji ya sabuni. Msicheke. Maji ya sabuni hushika breki vizuri mara mbili tatu, kisha hufanya povu, na povu halijamzuia mtu kokote.

Povu lilifanyika kwenye kona. Tukapita katikati ya ukuta wa makuti tukaingia uani pa watu, ambapo wanawake walikuwa wanakuna nazi za harusi. Hakuumia mtu, walikimbia wote isipokuwa mmoja. Yeye alibaki amekaa juu ya mbuzi yake, na gari lilipopanda fungu la nazi likasimama, aliniangalia kupitia kioo, akaokota kifuu akanirushia. Kilinipata hapa juu ya jicho. Huyo ndiye Bi Rukia, mke wangu.

Fundi Masoud alikuja kututoa. Hakututazama sisi, alitazama chini ya tairi. Akasema, "Angalieni. Hii nzima, hii imepasuka. Nazi haivunjiki ukiisukuma na tairi, itakimbia. Huvunjika ukiipanda juu kabisa kisha ukaishukia." Nikajiambia, mzee huyu ana wazimu, watu wanalia kwa wali wao naye anasomesha nazi. Somo hilo nililiweka miaka yote bila ya kazi, mpaka Jumamosi moja ya juzijuzi, kule Stanmore.

Sasa niwaeleze Stanmore.

Mimi nilistaafu gereji yangu ya chini ya daraja la reli Tottenham. Siku hizi pale wanauza kahawa, na kahawa yenyewe inanuka kama klachi iliyoungua. Nilipostaafu nilijinunulia zawadi, bodi la Pijo 404 kutoka Hispania. Nchi ya jua ile, bodi kavu, hata tundu la kutu huoni. Ila halikuwa na injini. Nikaliegesha mtaani petu Edmonton, kwenye flati za kaunsili, nikawa nakaa ndani yake na gazeti. Bi Rukia aliwaambia watu nimeoa mke wa pili, na mke mwenyewe kiwete.

Msione ajabu mtu kupenda gari kuukuu katika mji huu. Gari la dizeli la jirani yangu, bado kijana, linatozwa pesa kila likitoka kwa sababu linachafua hewa. Langu likipata injini litafuka moshi kama jiko la kuni, na litapita bure, kwa kuwa limezeeka vya kutosha. Ni pahala pekee London nilipoona uzee unaheshimiwa.

Bi Rukia alikuwa akifanya kazi ya kutunza wagonjwa majumbani, na kwa muda alimtunza marehemu mke wa Bwana Ramnik, Mhindi wa Tanga aliyehamia Stanmore zamani. Siku moja alirudi akaniambia, "Baba Salma, yule mzee ana gari lake amelifunika mfarishi wa kitandani. Kila akipita analipigapiga bega. Lina taa kama za hili kiwete lako."

Nilikwenda siku ya pili yake. Ilikuwa 404, aliyoinunua akiwa kijana, akaja nayo kwa meli. Bodi, Mungu alirehemu. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji ilikuwa imeila sakafu mpaka unaona saruji ya gereji kupitia miguuni pa dereva. Lakini injini! Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikanusa, nikafumba macho. Ilikuwa imelala tu. Kwa hivyo mimi nina mwili bila moyo, naye ana moyo bila mwili. Nikamwambia papo hapo, kwa ulimi wangu usio na adabu, "Bwana Ramnik, niuzie hili gari."

Akalifunika tena mfarishi. "Fundi," alisema kwa Kiswahili cha Tanga kinachonishinda hata mimi Mzanzibari, "katika nyumba hii kuna mtoto wa kike mmoja tu, naye ni huyu. Mtoto wa kike hauzwi. Huposwa."

Nilidhani anatania. Nilipofika mlangoni nikamgeukia, nikaona hatanii.

Mwanawe, Nilesh, alinisindikiza nje akanieleza kwa Kiingereza. Nyumba imeshauzwa, mzee anahamia kwake Wembley, flati ya ghorofa ya nne, na Jumamosi gari la chuma chakavu linakuja kuichukua Pijo. "Uncle, it's a car," aliniambia. "I keep telling him, Dad, it's a car." Lakini macho yake yalikuwa mekundu, nikajua kwamba na yeye alilala kiti cha nyuma cha gari lile akiwa mtoto. Ilikuwa Jumatatu. Isipoolewa kabla ya Jumamosi, inakwenda kupondwa.

Basi tukaenda kuposa. Tulikwenda Jumatano, watu watatu. Mimi, nimevaa kanzu na koti. Bi Rukia, ambaye alisema hatokwenda, kisha akatoa buibui lake la harusi. Na Mama Furaha, mchungaji wa kanisa la Wakongo lililo kwenye ghala moja Edmonton, ambaye basi lao dogo nimelifufua mara nyingi kuliko alivyofufuliwa Lazaro. Nilimchukua kwa sababu posa inahitaji mtu anayejua kusema, na yule mama akianza kusema hata mvua inangoja amalize.

Bwana Ramnik alitupokea na chai ya maziwa na chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili. Mlango wa kwenda gereji aliuacha wazi kidogo, ili bibi harusi asikie. Mama Furaha akasimama. "Muzee, sisi tumepita hapa inje, tukaona maua muzuri ndani ya nyumba yako. Tuko na kijana. Hana pombe, hana madeni. Anakosa tu moyo."

"Analala wapi huyo kijana?" akauliza Bwana Ramnik.

Nikasema, "Nje. Edmonton, kwenye maegesho."

Akaweka kikombe chini. "Binti yangu alale nje? Edmonton?"

Mama Furaha hakusita. "Hapana, Muzee. Watalala kwetu kanisani, nyuma ya ngoma. Mvua haifike pale. Landlord anataka tu tusizibe fire exit."

Bi Rukia alikohoa. Mimi nikatazama chevda. Lakini Bwana Ramnik aliridhika. Nyumba ya Mungu ni nyumba ya Mungu, alisema, na ina paa.

Tukaingia kwenye mahari, na hapo ndipo kazi ilipotaka kuharibika. Kwetu, mnajua, mwanamume ndiye anayetoa. Nilikuwa nimeleta kabureta mpya kwenye sanduku lake, nimeifunga utepe. Bwana Ramnik akaisukuma kwangu. Kwao, alisema, baba ndiye anayemtoa binti na vitu vyake. Akaanza kuleta: jeki ya asili, vifuniko vinne vya magurudumu, kabati la chuma, friji, cherehani. Nikamwambia, Bwana wee, nikipokea hivi watu watasema nimelipwa ili nioe. Akasema, nami nikipokea kabureta watasema nimemuuza mwanangu. Nikasukuma friji, akasukuma kabureta. Nikaapa, akaapa. Sauti zilipanda. Nilesh akachungulia, akatukuta wazee wawili kila mmoja anamlazimisha mwenziwe achukue, na wote tumekasirika, akaondoka bila kuuliza.

"Hebu nyamazeni," Bi Rukia akasema. "Nyote mnatoa, hakuna anayepokea. Hii harusi au mnagombania kulipa chai? Mahari ni haki ya mwanamke. Nendeni mkamuulize mwenyewe."

Tukanyanyuka sote, na vikombe vyetu, tukaenda gereji. Bwana Ramnik akafunua mfarishi upande wa mbele. Mama Furaha akainama karibu na taa ya kushoto, akamuuliza kwa heshima zote kama anamkubali kijana wetu na anataka nini. Tukangoja. Ilikuwa kimya, saa ya jikoni tu inagonga.

"Amekubali," nikasema. "Kwetu mwari akiulizwa akanyamaza, ndiyo ridhaa yake."

"Kwenu," akasema Bwana Ramnik. "Katika nyumba yangu mwanamke husema. Mke wangu alisema. Alinikataa mara mbili, ya tatu akasema ndiyo, nami nilisikia kwa masikio yangu. Huyu naye aseme." Akaweka kiganja juu ya boneti. "Akisema, mchukueni. Asiposema, bora aende na wale wa Jumamosi, maana nitajua amekwisha kufa."

Hapo mchezo ukaacha kuwa mchezo. Yule mzee alikuwa amezika mke, ameuza nyumba, na sasa alitaka kujua kama kuna kitu chochote chake ambacho bado kina uhai.

Vijana, nisikilizeni hapa, haya yatawafaa. Injini iliyolala miaka usiipige stata kwa pupa, utavunja ringi. Chomoa plagi, mimina oili kijiko kimoja katika kila silinda, iache inywe hadi kesho. Kisha zungusha kwa hendeli, polepole, gumba mmeshajua liko wapi. Tangi lina kutu, basi usilitumie. Funga chupa ya plastiki chini ya boneti, itie petroli, teremsha mpira mpaka kwenye kabureta. Vile vibati viwili vinavyogonganisha cheche vitakuwa vimeshika ukungu. Visugue na tupa ya kucha, na umwombe mkeo ruhusa kabla hujaichukua, mimi sikumwomba. Na kama magurudumu yameshikwa na breki zilizoganda, zilegeze ili gari liweze kusogea. Nilifanya yote hayo Alhamisi na Ijumaa, Bwana Ramnik amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, anamsemesha binti yake. Injini ilizunguka vizuri. Ilikohoa. Haikusema.

Jumamosi asubuhi lori la chuma chakavu likafika, na winchi yake. Dereva, kijana mpole, alitukuta tumevaa vizuri. Bwana Ramnik alikuwa ametoka na sinia. Alimpaka Pijo nukta nyekundu kwenye boneti, akamvika shada la maua ya manjano, kisha akaweka nazi mbele ya gurudumu la nyuma.

"Kwetu," alisema, "bibi harusi akiondoka, gari lake huvunja nazi. Awe anakwenda kwenu, awe anakwenda na huyu kijana wa lori, ataondoka kama binti yangu. Mie nitakaa usukani. Nyinyi sukumeni."

Tukasukuma, mimi, Bi Rukia na Mama Furaha. Nazi ikakimbia. Tukairudisha, tukasukuma, ikarukia kwenye maua ya jirani. Dereva wa lori akatazama saa. Bi Rukia, jasho linamtoka ndani ya buibui, akaniambia, "Wewe na nazi! Mwaka gani mtaachana?" Na hapo nikamsikia Fundi Masoud, amekufa siku nyingi, akisomesha uani pa watu.

"Aipande!" nikapiga kelele. "Aipande kisha aishukie! Nilesh, weka mguu wako mbele ya nazi isikimbie. Bwana Ramnik, gia ya pili, klachi chini, nikisema achia, achia!"

Nilesh alikuja akaizuia na kiatu chake. Yule wa "it's a car", na suti yake. Dereva wa lori naye akaja kusukuma. Gurudumu likapanda, likakaa juu kabisa ya nazi, Nilesh akavuta mguu, nikasema achia. Nazi ikapasuka paa! Gari likashuka kwa kishindo, likaruka mbele, likakohoa, likakohoa tena, kisha likasema.

Lilisema kwa moshi. Oili yote niliyoinywesha ilitoka kwa pamoja, nyeupe na buluu, Stanmore yote ikapotea. Mama Furaha akapiga vigelegele, Bi Rukia akavipokea, jirani akawa anauliza aite zimamoto au ambulensi. Moshi ulipopungua tulitazama. Nazi ipo, imepasuka vipande viwili. Gari halipo. Baba wa bibi harusi alikuwa amemtorosha bibi harusi.

Ndipo nilipokumbuka breki. Breki nilizilegeza mwenyewe. Na barabara ile, kwa asiyeijua, inateremka.

Nilikimbia, wanangu. Na kanzu yangu na goti langu la plastiki, nilikimbia kuteremka Stanmore, nyuma yangu Nilesh, nyuma yake wanawake wawili na dereva wa chuma chakavu, tunafuata mstari wa moshi. Nilikuwa nalia. Nilisema moyoni nimemuua mzee wa watu kwa sababu ya injini.

Tulimkuta chini, karibu na stesheni, amesimama sawasawa kwenye kituo cha basi, shada bado lipo. Watu wa foleni wanapiga picha. Chupa ya petroli ilikuwa imekwisha. Bwana Ramnik alikuwa ameshusha kioo, mikono yote miwili ipo kwenye usukani, na machozi yameingia kwenye masharubu.

"Breki hakuna, Fundi," aliniambia.

"Najua. Umeshukaje?"

"Kwa gia. Mtu aliyeshuka Lushoto na shehena ya kabichi haogopi Stanmore." Kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameshika mlango anahema. "Umesikia? Amesema ndiyo."

"I heard, Dad," Nilesh akasema. Kisha akasema tena, kwa Kiswahili ambacho sikujua kama anacho: "Nimesikia, Bapu."

Lile lori la chuma chakavu ndilo lililombeba bibi harusi mpaka Edmonton. Dereva hakukubali malipo, alichukua nusu ya nazi.

Sasa wapo wote wawili kanisani, nyuma ya ngoma, bodi langu la Hispania na Pijo ya Bwana Ramnik, bampa kwa bampa. Kazi iliyobaki ni kutoa injini huku na kuitia kule. Kwa fundi kama mimi ni kazi ya siku mbili, nikipata mtu wa kunyanyua.

Haijafanyika. Kila Jumapili Bwana Ramnik anapanda treni na basi kutoka Wembley, anafika ibada inakwisha, Mama Furaha anampa sahani ya fufu ambayo haili na kikombe cha chai ambacho anakunywa. Anawasha injini dakika chache, anaisikiliza kwa bisibisi kama nilivyomfundisha. Kisha anamkagua bwana harusi na kila wiki anamkuta na ila. Mara rangi, mara mlango unalia. "Bado hajakuwa tayari, Fundi. Tusiwaharakishe." Mimi nakubali, tunakaa sote wawili kiti cha mbele, tunazungumza habari za Tanga na Unguja mpaka kwaya inakuja kufanya mazoezi na kutufukuza.

Wiki iliyopita Nilesh alikuja naye. Amevaa ovaroli mpya, ametazama video, akaniambia yuko tayari kunyanyua injini siku hiyo hiyo. Bwana Ramnik akawa anaupigapiga bega mlango wa gari lake. Nikamwambia kijana, samahani sana, spana ya kumi na saba imepotea, na bila ya hiyo injini haitoki. Tukaitafuta watu wote, mpaka chini ya ngoma. Hatukuiona.

Ilikuwa mfukoni mwangu. Ipo humo mpaka leo.